Salamu Zimfikie Mwajuma wa Mpwapwa

Juzi nilikwenda kumjulia hali Mama, nikakuta pale kwenye meza ya redio pamewekwa chupa ya chai. Nikauliza redio iko wapi. Mama alikuwa anachambua dagaa, hata uso hakuinua. Akasema amempa kijana wa chuma chakavu aliyepita asubuhi na mkokoteni.

"Ile redio, Mama?"

"Kwani humu ndani zilikuwa ngapi?"

Nilitoka mbio na kandambili za kuogea mpaka njia panda, nikauliza kwa muuza chipsi, nikauliza kwa bodaboda, kila mtu akanionyesha upande wake. Mkokoteni ulishakwenda. Nilirudi nikakaa juu ya ndoo nikihema, mtu mzima na nywele zangu zenye mvi, nikiililia redio iliyokuwa haijaongea miaka mingi. Mama akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa unalia nini, Rehema? Lile kopo lilikuwa linafuga mende." Nilikuwa nanusa mikono yangu, maana nilikuwa nimeipapasa ile meza, na mbao zake bado zilikuwa na harufu ya spiriti.

Wenzangu wa rika langu wanaijua harufu hiyo. Kila Ijumaa baada ya swala Baba alikuwa anafungua kile kidirisha cha kaseti, anachovya pamba kwenye spiriti na kusafisha kichwa cha redio kwa uangalifu ambao hatukuwahi kumwona akiutumia kwa kitu kingine. Kichwa kikiwa kichafu redio inakula mkanda, na mkanda ukiliwa nyumba nzima inanuna. Tulikuwa tunautoa taratibu, tunaunyoosha, tunaurudisha kwa kuzungusha kalamu, na wimbo ukifika pale ulipokunjika sauti ya mwimbaji inalewa kidogo kisha inaendelea. Mpaka leo nikisikia nyimbo hizo kwenye simu ya mwanangu, zikiwa safi kabisa, mahali pale pa kulewa napasubiri na hapaji.

Redio yetu ilikuwa na spika mbili na kitambaa cheupe alichokifuma Mama. Kitufe cha kutafutia stesheni kilipotea zamani, Baba akabandika kifuniko cha dawa ya mswaki, na kilishika vizuri kuliko kile cha mwanzo. Ilikula betri kubwa sita. Zikichoka tulizianika juani juu ya kipande cha bati, na jua la Dodoma halina utani, zilikuwa zinapata nguvu za kutosha taarifa ya habari na salamu. Baba alihitaji taarifa ya habari. Mama alihitaji salamu.

Kipindi cha salamu kilikuwa alasiri. Unanunua kadi, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaandika majina ya unaowasalimu, na chini kabisa kuna mstari wa ujumbe. Unaitia posta, unasubiri wiki kadhaa, siku moja mtangazaji anakusoma na nchi nzima inajua upo. Watu walijipa vyeo. Kulikuwa na bwana mmoja wa Kibakwe aliyejiita Mzee Asiyechoka, ambaye alisalimia watu wengi mpaka tukawa tunamcheka kwamba labda analima na kalamu. Waliogombana walipatanishwa kwa kadi. Niliwahi kusikia mtu akimwomba radhi kaka yake redioni, na wiki nyingine kaka akajibu kwamba amekubali, na Mama akafuta machozi kwa watu asiowajua.

Mama alisoma Kurani vizuri kuliko wanawake wote wa mtaa wetu, lakini herufi za shule zilimchelewesha. Kwa hiyo mimi, mtoto wake wa pekee, ndiye nilikuwa katibu. Yeye anataja, mimi naandika, ulimi nje. Nilikuwa na miaka tisa au kumi na nilijiona mtumishi wa serikali.

Baba alikuwa anauza vitenge minadani. Jumamosi Msalato, siku nyingine Kongwa, na mara mbili kwa mwezi Mpwapwa, ambako alilala. Likizo moja aliamua nifuatane naye Mpwapwa nimsaidie kukunja vitenge. Jioni mnada ulipoisha hatukwenda gesti. Tulipanda kijinjia hadi kwenye nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, akatoka dada mmoja mrefu, kijana, amebeba mtoto wa kiume mgongoni.

"Rehema," Baba akasema, "msalimie mama yako mdogo. Anaitwa Mwajuma. Na huyu ni mdogo wako, Hamisi."

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, akanivuta, akanipa ugali wa uwele na mlenda wenye karanga ambao sijapata kula tena mlenda kama ule. Alikuwa na redio ndogo ya betri mbili, akaifungua kwa ajili yangu, na usiku akanisuka. Nilikwenda kule mara tatu likizo ile. Kila tuliporudi Baba aliniambia kitu kilekile tukiwa karibu na nyumbani, "Mama yako tusimchoshe na habari za njiani."

Hebu nieleze jinsi akili yangu ilivyofanya kazi, maana mpaka leo nashangaa jinsi ilivyokuwa imenyooka. Mama mdogo ni mdogo wake mama. Shuleni tulifundishwa hivyo, na Asha niliyekaa naye dawati moja alikuwa na mama mdogo wa namna hiyo. Mama yangu hakuwahi kumtaja Mwajuma hata siku moja. Baba naye hataki atajwe nyumbani. Basi hawa ndugu wawili wamegombana, na Baba, kwa wema wake, anakwenda kumwangalia shemeji yake kisirisiri ili Mama asikasirike. Kwamba mama mdogo ni pia mke mdogo wa baba, hilo nilikuwa silijui. Na ukiangalia vizuri, Baba hakusema uongo hata neno moja.

Nikaamua kuwapatanisha. Nilichukua kadi moja kwenye kikasha cha Mama na kuandika kwa jina lake, kama nilivyozoea. Nilikuwa nimeziandika nyingi, maneno yote nilikuwa nayo kichwani. *Mimi Mama Rehema wa Makole, Dodoma mjini. Namsalimu mume wangu Selemani muuza vitenge popote alipo mnadani. Namsalimu mdogo wangu Mwajuma wa Mpwapwa. Namsalimu mtoto wetu Hamisi Selemani.* Jina hilo nililiona kwenye kadi yake ya kliniki, likanifurahisha kwa kufanana na langu. Kwenye ujumbe niliandika: *Mdogo wangu, sina kinyongo na wewe. Karibu nyumbani.* Nikaitia posta nikienda shule, nikaikumbuka kwa siku mbili, kisha nikaisahau.

Siku iliposomwa Mama alikuwa uani anamsuka Mama Zuberi, mpangaji wetu. Redio ilikuwa dirishani, antena imefungwa waya uliopanda hadi kwenye paa. Baba alikuwa minadani upande wa Manyoni. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Mtangazaji akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mama Rehema wa Makole, Dodoma mjini," nami nikarusha sufuria nikapiga kelele, "Mama, tumesomwa! Tumesomwa!"

Mama alitabasamu. Alidhani ni kadi yake ya zamani. Mama Zuberi naye akasema, "Eeh, tumsikilize mwenye nyumba wetu." Likasomwa jina la Baba. Likasomwa jina la Mwajuma. Lilipotoka la Hamisi Selemani, mikono ya Mama ilisimama ndani ya nywele za Mama Zuberi, na nikaona vidole vyake vimekaza mpaka kile kichwa kikarudi nyuma. Kisha ukaja ujumbe. Sina kinyongo na wewe. Karibu nyumbani.

Mtangazaji alikwishahamia kwa watu wa Tabora. Mama Zuberi, ambaye kwa kawaida alikuwa hana breki, alisema polepole, "Una mdogo Mpwapwa, Mama Rehema? Mbona hujatuambia?"

"Inamisha kichwa," Mama akasema.

Akaendelea kusuka. Alimsuka kichwa chote mpaka mwisho, mistari imenyooka kama kawaida yake, na alipomaliza alikung'uta nywele kwenye khanga, akaingia ndani, akaniita. Nilikwenda nikicheka. Nilijua nakwenda kushukuriwa.

"Huyo Mwajuma umemjulia wapi?"

"Kwake, Mama. Tulikwenda na Baba. Ni mdogo wako."

"Nani kakwambia?"

"Baba kasema ni mama mdogo."

Mama alikaa kitandani. Alikaa vibaya, nusu ya mwili nje, kama mtu aliyekosea kiti. "Mama mdogo," akarudia. Akanitazama muda mrefu, na sikuona hasira, niliona kitu nisichokijua kwenye uso wake, nikaogopa. "Amekwambia kweli," akasema. "Ni mama yako mdogo." Akaniambia nikamalizie vyombo.

Maana yake niliipata kesho yake bombani, kwenye foleni ya ndoo. Wanawake wawili hawakuniona. Mmoja alisema, "Bi mkubwa kamkaribisha bi mdogo redioni, umesikia? Mimi nisingeweza." Mwingine akasema, "Na mtoto tayari. Kumbe yule Selemani vitenge vyake vinafika mbali." Wakacheka. Niliacha ndoo pale. Ule mlenda, zile nywele nilizosukwa, yule mtoto niliyemfundisha kupiga makofi, vyote vikageuka palepale kichwani, na ni mimi niliyekuwa nimevitangaza kwa nchi nzima.

Siku ya tatu Mama alivaa baibui, akafunga nguo zake na zangu kwenye mfuko mmoja. Akaniambia wazi, kama anavyoongea na mtu mzima mwenzake. "Tunakwenda Mpwapwa nikaone kwa macho yangu. Tukirudi stendi tunaunganisha basi la Kondoa, kwa wajomba zako. Baba yako atakuta nyumba." Nikauliza tutarudi lini. Akasema, "Chukua na daftari zako."

Ndani ya basi sikuthubutu kumwegemea. Nilikuwa najua Mama ana ulimi. Mtaa mzima ulijua. Mwanaume aliyewahi kumpunja mchele alihamisha genge. Nilikuwa nawaza atakayomwambia Mwajuma, na namwonea huruma Mwajuma, na najichukia kwa kumwonea huruma. Zaidi ya yote nilikuwa namlilia Baba, ambaye atarudi na kukuta kitanda changu hakina shuka.

Nilimwonyesha Mama kijinjia. Mwajuma alikuwa nje anapepeta uwele. Aliniona mimi kwanza, akacheka, kisha akamwona aliye nyuma yangu, na ungo ukamponyoka. Alikuja mbio na pumba mikononi. Nikadhani anakimbia, kumbe anatukimbilia. Akapiga magoti mchangani mbele ya Mama.

"Shikamoo, dada."

Mama hakujibu. Nimeona watu wakitukanwa, nimeona watu wakipigwa, lakini kumwona mtu amepiga magoti na shikamoo yake inaning'inia hewani haina wa kuipokea, sijaona kitu kibaya kama hicho. Mwajuma hakuinuka. Alianza kuongea harakaharaka, uso chini.

"Nimezisikia salamu zako, dada. Nilikuwa kwa jirani, wakanikimbilia, 'Mwajuma, unaitwa redioni!' Sikuamini. Mama yangu mzazi alikuwa hanisemeshi, mwaka wa tatu huu. Anasema ndoa gani hiyo ya mashahidi wawili na mlango umefungwa, mwanangu wewe ni hawara wa mtu. Hamisi hajawahi kumbeba. Siku ile ya salamu alikuja mwenyewe, dada, kwa miguu, akambeba. Majirani wakaja kunipa mkono. Nikasema huyu mwanamke ana moyo gani? Nilikuwa natafuta namna ya kuja kukushukuru, nikaogopa. Na wewe umenitangulia."

Nilimtazama Mama. Nilikuwa najua alichokibeba kifuani kutoka Dodoma. Ilikuwa inatosha aseme sentensi moja, kwamba yeye hajaandika kadi yoyote, ni ujinga wa mtoto. Ilikuwa ni kweli, na ilikuwa haki yake. Mle ndani Hamisi alikuwa ameamka, akatoka anayumba, hana suruali, akasimama mlangoni na masikio ya Baba yaleyale yaliyojitokeza pembeni. Mama aliyaona. Nilisikia pumzi ikimtoka.

"Marahaba," akasema.

Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Huyu ndiye aliyeandika. Mimi nilimtajia tu. Mwandiko wake mbaya, sikutegemea kama wangeweza kuusoma."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka bombani. Mama yangu alikuwa hasemi uongo. Alikuwa ananichapa kwa uongo wa peremende. Na sasa alikuwa amesimama kwenye jua la Mpwapwa, akijitwika maneno ambayo hakuyasema, mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuja kumvua nguo. Mwajuma alilia pale chini. Mama hakumwinua, hilo lilimshinda. Alimwendea Hamisi, akamfuta makamasi kwa ncha ya khanga, akaniambia tuondoke, basi litatuacha.

Njiani alilia. Alianza tulipopita Kongwa, bila sauti, uso dirishani, na abiria wa nyuma alidhani ni vumbi akamwambia afunge kioo. Nami nikalia. Nikamwambia, "Nisamehe, Mama," akasema, "Nyamaza," lakini alinivuta, akaniweka kichwa mapajani pake, na mkono wake ulikaa juu ya nywele zangu njia yote.

Stendi basi la Kondoa lilikuwepo, utingo anaita. Mama alisimama na mfuko wetu. Utingo akaupokea, Mama akauachia, kisha akaunyang'anya tena.

"Nikifika kwa kaka zangu nitawaambia nini?" aliniuliza mimi, kana kwamba ningejua. "Na wao wana redio. Wameshanisikia nasema sina kinyongo. Nikaanze kumweleza mmoja baada ya mwingine kwamba ni mtoto?" Alicheka kidogo, kicheko kibaya, tukaanza kutembea kuelekea nyumbani. Mfuko hakuufungua. Aliuweka nyuma ya mlango, na nikajua bado hajaamua.

Baba alirudi kesho yake alasiri. Habari alikuwa nazo. Kule Manyoni mteja alikuwa na redio begani, Baba akazisikia salamu zake mwenyewe huku amekunjua kitenge. Mimi na Mama tulikuwa chumbani tunachambua mchele kwenye sinia. Tulisikia viatu vyake vikija, tukavisikia vikisimama. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu limeshushwa, na chini ya pazia niliona ncha za viatu vyake na vumbi lote la safari.

"Hodi," Baba akasema.

Sijawahi kumsikia akipiga hodi kwenye nyumba ile. Aliijenga yeye. Huwa anaingia anakohoa, anauliza maji. Nilifungua mdomo nimkaribishe, Mama akanishika mkono juu ya sinia, mchele ukabanwa kati ya viganja vyetu.

"Hodi," akasema tena, chini zaidi.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mtu anageuka na kwenda zake, hata kama anasikia watu wakipumua ndani. Baba alilijua hilo, Mama alilijua, na mimi nilikuwa nimefundishwa madrasa. Nilitazama mfuko nyuma ya mlango. Nilimtazama Mama. Hakuwa ananitazama mimi wala mfuko, alikuwa anatazama zile ncha za viatu. Baba alikaa kimya muda mrefu sana kabla ya ile ya tatu. Nadhani alikuwa anaiogopa.

"Hodi, Mama Rehema."

Nilianza kuhesabu. Nilifika sita.

"Karibu, mgeni," Mama akasema.

Pazia likasogea. Baba akavua viatu nje, akaingia na soksi zake zilizotoboka, akasimama katikati ya chumba chake mwenyewe mikono imelala pembeni, akasubiri aambiwe akae wapi.